Kiti na Jalada

Mtumishi wa umma katika Afrika Mashariki ni mtu mwenye kituo cha kazi. Kituo hicho hutajwa katika barua yake ya ajira, hubadilishwa kwa barua ya uhamisho, na ndicho kipimo kinachotumika kukokotoa posho yake anaposafiri kikazi. Kwa miaka mingi kilichomfunga mtumishi huyo kwenye kituo hakikuwa jengo wala kengele ya saa moja na nusu asubuhi, bali lilikuwa jalada, yaani lile kabrasha lenye namba ambalo hutunzwa masijala, hutolewa na karani kwa kuandikishwa, hupelekwa mezani kwa afisa, huandikiwa dokezo, kisha hupanda ngazi moja hadi nyingine mpaka lifike kwa mwenye mamlaka ya kuamua. Jalada lilikuwa moja tu, na nakala yake haikuruhusiwa kuzagaa; kwa hiyo aliyetaka kulifanyia kazi alilazimika kulifuata lilipo. Mjadala wa watumishi kufanyia kazi nje ya ofisi, ambao mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni mjadala wa uvivu na bidii, hueleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye jalada hilo kuliko ukianzia kwenye tabia ya mtu.

Maneno yanayotumika katika mjadala huu yanahitaji kutenganishwa, kwa sababu kuyachanganya kumeleta madhara ya kweli katika sera. Kazi ya mbali ni mpango ambao mtumishi hana tena dawati ofisini. Nyumbani kwake, au mahali pengine palipokubaliwa, ndipo kituo chake rasmi. Kazi mseto ni mpango ambao mtumishi hubaki na kituo chake ofisini lakini siku kadhaa za wiki huruhusiwa kutekeleza majukumu akiwa kwingine. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka inapofika kwenye malipo. Serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, huwalipa wengi wa watumishi wake mshahara wa msingi pamoja na nyongeza inayotegemea eneo la kituo cha kazi, na eneo la Washington lina nyongeza kubwa kuliko maeneo mengi ya mashambani. Mtumishi wa kazi mseto huendelea kulipwa kwa kiwango cha ofisi yake almradi, kwa kanuni ya kawaida, afike hapo angalau mara mbili katika kila kipindi cha malipo cha wiki mbili, ilhali mtumishi wa kazi ya mbali hulipwa kwa kiwango cha mahali anapoishi. Swali la wapi mtu anakaa linageuka basi kuwa swali la kiasi gani analipwa, na la nani anamlipia nauli anapoitwa makao makuu.

Wazo lenyewe lina umri wa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1973 Jack Nilles, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Southern California, alianza kuchunguza jinsi kampuni ya bima ingeweza kuwapunguzia wafanyakazi wake safari za kila siku kwa kutumia mawasiliano ya simu, na mwaka huohuo mgogoro wa mafuta duniani uliipa hoja yake uzito ambao asingeweza kuupanga. Hoja hiyo ilikuwa nyepesi kuielewa: ni nafuu zaidi kuisafirisha kazi kumfuata mtu kuliko kumsafirisha mtu kila siku kuifuata kazi. Kwa msomaji wa Tanzania mwaka 1973 una maana nyingine pia, kwa kuwa ndio mwaka ambao chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, uamuzi uliosubiri hadi mwaka 2016 ndipo ukasukumwa kwa nguvu, na hadi 2018 ndipo ukatungiwa sheria. Mawazo hayo mawili hayakujuana, lakini yalijibu swali moja kwa njia mbili: upande mmoja ofisi nzima inahamishwa pamoja na watu wake, upande mwingine inahamishwa kazi peke yake.

Njia ya kuhamisha ofisi ina gharama ambayo haionekani kwenye bajeti. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba makao makuu ya idara inayosimamia ardhi za umma yangetoka Washington kwenda Grand Junction, mji mdogo wa jimbo la Colorado, kwa hoja iliyokuwa na mantiki, kwamba sehemu kubwa ya ardhi hizo iko magharibi mwa nchi na wanaoisimamia wanapaswa kuwa karibu nayo. Nafasi 328 ziliamriwa kuhama. Watumishi 287 kati ya waliohusika walistaafu au walitafuta kazi nyingine, 41 walikubali kuhamia maeneo mbalimbali ya magharibi, na watatu tu ndio waliokwenda Grand Junction kwenyewe. Mwaka 2021 serikali iliyofuata iliamua kuyarudisha makao makuu Washington. Kabati na kompyuta hazikukataa kuhama. Kilichopotea ni watu waliojua kwa nini uamuzi fulani wa miaka kumi iliyopita ulifikiwa na ni nani wa kupigiwa simu pale mkataba wa malisho unapoleta ubishi. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye dokezo lolote.

Mfano unaofundisha zaidi kuhusu njia ya pili unapatikana katika taasisi isiyozungumziwa sana nje ya duru za wanasheria na wavumbuzi, nayo ni Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Alama ya biashara ni jina au nembo inayotofautisha bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine. Kila ombi la hataza husomwa na mkaguzi, ambaye huwa mhandisi au mwanasayansi, na kazi yake ni kutafuta katika maandiko yote yaliyotangulia kama uvumbuzi huo kweli ni mpya. Ni kazi ya upweke kwa asili yake, kwani mkaguzi hukaa na ombi, hutafuta, huandika uamuzi wa kukubali au kukataa pamoja na sababu, kisha husubiri majibu ya wakili wa mwombaji.

Mwaka 1997 ofisi hiyo iliwaruhusu wanasheria 18 wanaokagua alama za biashara wafanyie kazi nyumbani kwa majaribio. Mwaka 2006, mara baada ya kuhamia majengo mapya mjini Alexandria, Virginia, iliwafungulia mlango wakaguzi wa hataza kwa mpango ambao mkaguzi aliachia chumba chake cha ofisi moja kwa moja, na kila alipohitaji kufika aliweka nafasi ya chumba chochote kilichokuwa wazi, kama msafiri anavyoweka nafasi hotelini. Yapo mambo mawili yaliyoufanya mpango huo uwezekane. La kwanza ni kwamba majalada ya hataza yalikuwa yamekwisha kugeuzwa kuwa picha za kielektroniki, kwa hiyo masijala ya karatasi haikuwa tena mlango pekee wa kazi. La pili ni la zamani zaidi, na ndilo ambalo waigaji wengi hulisahau. Ofisi hiyo ilikuwa na desturi ya miaka mingi ya kuipima kazi ya mkaguzi kwa idadi ya hatua alizozikamilisha, ambapo kila hatua ya uamuzi humpa sehemu ya alama, na saa anazotarajiwa kutumia kwa kila ombi hutofautiana kulingana na ugumu wa fani yake na daraja la utumishi wake. Mkaguzi wa programu tata za kompyuta hakupimwa kwa saa zilezile za mkaguzi wa vifaa vyepesi, na mkaguzi mkongwe alitarajiwa kumaliza haraka kuliko mgeni. Mfumo huo umelalamikiwa mara nyingi na wakaguzi wenyewe kwa kuwabana muda wa kufikiri, na malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo ulimwezesha msimamizi kujua mwisho wa kila wiki mbili nini kimefanyika, bila kujali mkaguzi alikuwa amekaa wapi.

Mwaka 2012 ofisi ilipiga hatua nyingine. Kwa ruhusa maalumu iliyotolewa na sheria mpya, wakaguzi walioishi mbali waliweza kuifanya nyumba yao kuwa kituo rasmi cha kazi, wakiachana na lile sharti la kufika Alexandria mara mbili kila wiki mbili, kwa makubaliano kwamba safari chache za lazima wangezigharamia wenyewe. Kwa kuwa wakaguzi hawakuhamia kwenye mpango huo kwa wakati mmoja, watafiti watatu, Prithwiraj Choudhury, Cirrus Foroughi na Barbara Larson, waliweza kulinganisha kazi ya waliotoka kwenye mpango wa kufanyia kazi nyumbani karibu na ofisi na kuingia kwenye mpango wa kufanyia kazi popote. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha ongezeko la kazi la asilimia 4.4, bila dalili ya maana kwamba maamuzi yalihitaji kuandikwa upya zaidi ya awali. Asilimia hiyo si muujiza, na ni vizuri isiwe muujiza, maana inaaminika zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliopimwa hawakuwa wanafunzi wa kazi. Mkaguzi alipaswa kwanza kukaa ofisini takriban miaka miwili, akisomewa kazi yake na wakubwa zake, ndipo aruhusiwe kuondoka. Ufundi wa ukaguzi hufundishwa bega kwa bega kabla haujafanywa kwa upweke, na wale waliounda mpango huo walilijua hilo.

Ofisi hiyohiyo ilitoa pia mfano wa upande wa pili, na ni sharti usimuliwe kwa ukamilifu kwa sababu wapinzani wa kazi za mbali huutaja nusu. Mwaka 2014 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Biashara ya Marekani alitoa ripoti kuhusu wasaidizi wa kisheria wa bodi inayosikiliza rufaa za hataza, ambao walifanyia kazi nyumbani na ambao kwa miaka kadhaa walilipwa mamilioni ya dola kwa saa ambazo hawakuwa na kazi, wakizijaza kwenye fomu zao chini ya kifungu cha muda mwingineo. Wengine walikiri kwamba walitazama televisheni na kununua vitu mtandaoni. Kashfa ilikuwa ya kweli. Lakini ripoti ilionyesha pia kwamba wasaidizi hao walikuwa wameajiriwa kuwahudumia majaji wapya waliotarajiwa, kisha kuajiriwa kwa majaji hao kukasitishwa, kwa hiyo kazi haikuwepo, na wasimamizi walijua kwamba haikuwepo, ilhali hawakuwatafutia majukumu mengine. Wengine kati yao hata walipewa bonasi za utendaji bora. Watumishi hao wangekuwa wamekaa Alexandria, wangekuwa wamekaa bila kazi Alexandria. Umbali uliificha aibu hiyo kwa muda. Chanzo chake kilikuwa msimamizi ambaye hakuulizwa, naye hakujiuliza, watu wake wanatoa nini. Yeyote aliyewahi kupita kwenye korido za ofisi ya umma na kuona koti limening’inizwa kwenye kiti ambacho mwenyewe hajaonekana tangu asubuhi anajua kwamba daftari la mahudhurio nalo halijawahi kumaliza tatizo hilo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyoratibu mambo haya kwa watumishi wote wa serikali kuu ilipata msukumo wake kutoka kwenye theluji. Februari ya mwaka huo dhoruba zilizifunga ofisi za serikali mjini Washington kwa siku nne mfululizo, na Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi ilikadiria hasara ya tija kuwa takriban dola milioni 71 kwa kila siku, makadirio yaliyoshushwa kutoka kiwango cha awali baada ya kuhesabu wale walioendelea kufanyia kazi nyumbani. Sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 9 Desemba 2010 iliitaka kila taasisi iandike sera, iamue ni nafasi zipi zinafaa, imteue afisa mwandamizi wa kuusimamia mpango, na iwafundishe wahusika kabla hawajaanza. Kati ya masharti yake, mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayetunga waraka wa aina hii popote pale. Lazima yawepo makubaliano ya maandishi kati ya mtumishi na msimamizi wake wa karibu, ili asitokee mtu wa kudai baadaye kwamba aliruhusiwa kwa mdomo. Na tathmini ya utendaji lazima iwe ileile kwa aliyeko ofisini na asiyekuwepo, ili ukaribu na mkubwa usigeuke kuwa sifa ya kupandishwa cheo.

Hata baada ya sheria hiyo kutumika kwa zaidi ya muongo mmoja, picha haikuwa ile inayosimuliwa na pande mbili zinazogombana. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2024 zilihesabu watumishi wa kiraia wapatao milioni 2.28, asilimia 54 kati yao walifanya kazi zinazowalazimu kuwepo kituoni muda wote, kama kuhudumia wagonjwa katika hospitali za maveterani au kukagua nyama viwandani, na ni kiasi cha asilimia 10 tu waliokuwa wa kazi ya mbali kabisa. Waliobaki, wale wa kazi mseto, walitumia zaidi ya nusu ya saa zao ofisini. Kwa upande mwingine, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, inayolifanyia Bunge la nchi hiyo ukaguzi, iligundua mwaka 2023 kwamba taasisi 17 kati ya 24 zilizochunguzwa zilitumia robo au pungufu ya uwezo wa majengo ya makao yao makuu, huku kuendesha na kutunza majengo ya ofisi za serikali kukigharimu takriban dola bilioni 2 kila mwaka. Hapa wapinzani wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Serikali inayowaruhusu watu kuondoka na wakati huohuo ikaendelea kuyatunza majengo yao matupu inalipa mara mbili, na fedha hizo ni za mlipa kodi ambaye huenda yeye mwenyewe hana pa kukaa.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump, siku yake ya kwanza ofisini katika muhula wa pili, aliagiza wakuu wa taasisi za serikali kuu wasitishe mipango ya kazi za mbali na kuwataka watumishi warudi vituoni kila siku, huku wakuu hao wakibaki na nafasi ya kuruhusu msamaha pale wanapoona panahitajika. Agizo hilo lilikuwa fupi sana, la aya moja, na ufupi huo ndio udhaifu wake mkubwa. Halikumtenga mkaguzi ambaye kazi yake ilikuwa imepimwa kwa miaka mingi na mtumishi ambaye hakuna aliyejua anafanya nini. Wote walichukuliwa kwa kipimo cha kiti. Taasisi iliyotumia muongo mmoja na zaidi kujifunza kuiona kazi bila kumwona mtu huweza kuupoteza ujuzi huo kwa waraka mmoja, na kuurudisha si kazi ya waraka mwingine.

Katika Afrika Mashariki swali lina sura yake. Sehemu kubwa ya watumishi wa umma ni walimu na wahudumu wa afya, ambao hakuna sera itakayowapeleka nyumbani, na haki inadai kwamba mpango wowote wa kuwanufaisha maafisa wa wizarani usiwe fedheha kwa muuguzi wa zahanati ya kijijini ambaye hata nyumba ya mtumishi hakupewa. Kwa wale ambao kazi yao ni jalada, hali inabadilika. Tanzania ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019, na majalada ya taasisi kadhaa huzunguka sasa ndani ya mfumo wa ofisi mtandao badala ya mikononi mwa karani. Upande wa upimaji, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ulioanza mwaka 2004 na ambao wengi waliujua kama fomu ya kujazwa kwa haraka mwishoni mwa mwaka, umerithiwa na mfumo wa kielektroniki unaomtaka mtumishi aandike majukumu yake na kuripoti utekelezaji wake. Yaani vile vitu viwili vilivyoiwezesha ofisi ya hataza, jalada lisilohitaji masijala na kipimo kisichohitaji kiti, vimeanza kuwekwa, ingawa vinatazamwa zaidi kama zana za udhibiti kuliko kama njia ya kumpa mtumishi nafasi.

Kinachobaki nje ya mifumo hiyo ni nyumba yenyewe. Sera nyingi huandikwa kana kwamba nyumbani ni chumba kitupu chenye meza na mtandao. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili Mbagala jijini Dar es Salaam au Kayole jijini Nairobi, ambako umeme hukatika mchana na bando la intaneti hutoka kwenye mfuko wa familia, kumwambia mtumishi afanyie kazi nyumbani bila kusema nani analipia bando na umeme ni kumhamishia gharama za ofisi kimyakimya. Nyaraka za siri nazo, zinazolindwa na sheria, haziwezi kufunguliwa kwenye meza ambayo watoto wanafanyia kazi za shule. Na mtumishi mwanamke, akionekana yuko nyumbani siku ya kazi, huhesabiwa na ndugu na majirani kuwa yuko huru: ataombwa kumwangalia mgonjwa, kupokea mgeni, kukaa na mtoto wa jirani kwa dakika chache zinazogeuka kuwa saa tatu. Makubaliano ya maandishi yanayotajwa katika sheria ya Marekani yanapaswa hapa kuwa na kifungu ambacho Wamarekani hawakukiandika, cha chumba au kituo cha pamoja cha serikali karibu na makazi, ambapo mtumishi wa wizara yoyote anaweza kuingia na kupata dawati, umeme na mtandao salama. Kenya imekwisha kuonyesha tangu mwaka 2013, kupitia vituo vya Huduma, kwamba dirisha la idara nyingi linaweza kuwekwa chini ya paa moja kwa ajili ya wananchi. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia paa hilohilo kuwa na chumba cha nyuma kwa ajili ya watumishi.

Jaribio dogo la kufanyia kazi nyumbani lilifanyika Dar es Salaam mwishoni mwa Januari 2025, wakati wakuu wa nchi za Afrika walipokutana kuzungumzia nishati tarehe 27 na 28, barabara kadhaa zikafungwa, na serikali ikawaelekeza watumishi wa umma jijini humo wafanyie kazi nyumbani kwa siku hizo mbili isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwalazimu kuwepo vituoni. Maelekezo yalitolewa kwa ajili ya foleni za magari. Lakini yeyote ambaye jalada lake lilikuwa kwenye mfumo, na aliyekuwa na njia ya kuufikia kutoka nyumbani, aliweza kulifungua, kuliandikia dokezo na kulipeleka kwa mkubwa wake aliyekuwa upande mwingine wa jiji au aliyekwisha kuhamia Dodoma. Yule ambaye jalada lake lilikuwa kwenye rafu ya masijala alisubiri Jumatano, barabara zifunguliwe.